Moshi wa kuni Tanga: kipi kiachiwe hiari, kipi kishikwe na sheria

Katika Mkoa wa Tanga moshi wa kuni una sura mbili. Mjini na mwambao wote hadi Pangani, kuni na mkaa ni vya kupikia: maharage ya nyumbani, samaki wa kukaanga pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga mjini, mikate ya tanuri. Lushoto, milimani kwenye baridi, kuanzia Juni hadi Agosti, moto huohuo uliopika makande ndio unaootwa usiku. Mlango unafungwa, dirisha linafungwa, na familia nzima inakaa kuzunguka mafiga ikivuta hewa chafu kuliko ya barabara yoyote ya mjini.

Nchi za baridi zina shida inayofanana na hii ya Lushoto. Huko mamilioni ya nyumba hupashwa joto kwa hita za kuni, na miji iliyo mabondeni huumia zaidi, kwa sababu usiku wa baridi hewa nzito hutulia chini na hewa ya uvuguvugu hukaa juu yake kama mfuniko wa sufuria. Moshi hauna pa kutokea. Kwa zaidi ya miaka 40 nchi hizo zimejaribu kuwashawishi watu kwa hiari, zimejaribu kuwalazimisha kwa sheria, na zimekosea kwa njia zote mbili. Makosa yao yanatufaa sana, maana Tanzania nayo imeingia kwenye kazi hiyohiyo. Tunachokiona katika historia hiyo ni kwamba katazo linalotangulia mbadala huvunjwa mchana kweupe, na mbadala usiofuatwa na sheria huishia kuwekwa kando ya jiko la zamani huku moshi ukibaki uleule.

Moto unavyotoa moshi

Kipande cha kuni hakishiki moto chote kwa mara moja. Kwanza maji yaliyomo hukauka. Kikifika nyuzi 200 hadi 300 za Selsiasi, mti huanza kutoa gesi na lami. Gesi hizo ndizo zinazowaka na kutoa mwali, lakini zinahitaji vitu vitatu kwa wakati mmoja: joto la karibu nyuzi 600, hewa ya kutosha, na muda wa kuchanganyika na hewa hiyo kabla hazijatoka nje. Kimoja kikikosekana, gesi hupoa na kuwa matone na chembe ndogo mno, nyingi zikiwa chini ya mikromita 2.5. Ndizo zinazoitwa PM2.5. Pua na koo haziwezi kuzizuia. Hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu na baadhi huingia kwenye damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wa mwaka usiozidi mikrogramu 5 za chembe hizo katika mita moja ya ujazo wa hewa, na wa saa 24 usiozidi 15. Jikoni penye mafiga na pasipo dohani, yaani bomba la kutolea moshi, wakati wa kupika vipimo huwa mamia, na mara nyingi huvuka elfu.

Kwa hiyo moshi ni nishati iliyolipiwa na kutupwa. Anayepunguza moshi kwa njia sahihi anapunguza pia mzigo wa kuni.

Kisababishi kikubwa cha moshi ni unyevu, na hiki watu wengi hukichukulia kidogo. Mti uliokatwa leo, karibu nusu ya uzito wake ni maji. Kila kilo ya maji hula takriban megajuli 2.5 za joto ili igeuke mvuke. Hasara hiyo inaonekana, lakini iliyo mbaya zaidi ni kwamba mvuke huo hupoza chumba cha moto chini ya zile nyuzi 600, hivyo hata gesi ya kuni kavu iliyowekwa pembeni haiwaki. Kuni moja mbichi huharibu moto mzima.

Mwambao wa Tanga una hewa yenye unyevu mwingi, na kuni iliyotupwa uani haikauki. Inaoza upande wa chini. Ipasuliwe kwanza, kwa sababu gome huzuia maji kutoka: unene wa sentimita 5 hivi kwa jiko la kupikia, 10 hadi 15 kwa hita. Ipangwe juu ya matofali au magogo mawili, angalau sentimita 15 kutoka ardhini, mafungu yakiacha nafasi kati yake, upande mrefu ukielekea upepo. Juu iwe na bati, pande ziwe wazi. Kosa la kawaida ni kufunika rundo zima kwa turubai hadi chini: maji yanayotoka kwenye kuni hunaswa ndani na asubuhi kuni zina jasho. Kuni zilizokatwa na kupasuliwa Juni, masika yakiisha, hupata upepo wa kusi hadi Septemba, na zinapaswa kuingizwa ndani kabla ya vuli. Miwati na mikaratusi ya Usambara ni mizito, na ukungu wa milimani hupunguza kasi ya kukauka, kwa hiyo huko tunashauri kuni za baridi ya mwaka huu ziwe zimepasuliwa tangu mwaka jana.

Kujua kama zimekauka hakuhitaji chombo cha gharama. Chukua vipande vitatu kutoka katikati ya rundo, vitie alama kwa kisu, vipime kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo bila mvua, kuni imefika mwisho wa kukauka kwa hewa ya mahali hapo. Mwenye kipimo cha unyevu chenye pini asichome kwenye gome wala kwenye ncha ya gogo, ambako hukauka mapema na kudanganya. Apasue kipande upya, achome katikati ya uso mpya, na atafute unyevu wa asilimia 20 au chini yake.

Kuna vitu visivyofaa kuingia kwenye moto hata vikiwa vikavu. Mbao zilizookotwa ufukweni zimeshiba chumvi, na klorini ya chumvi hiyo hula chuma cha jiko na huzalisha dioksini, sumu inayodumu muda mrefu mwilini. Mbao za mashua zilizopakwa rangi ni hivyohivyo. Nguzo za umeme zilizong'olewa zimetiwa kriosoti, lami ya kuzuia mbao zisioze, au dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki hiyo hubaki kwenye majivu ambayo watu humwaga bustanini. Kuwashia moto kwa nailoni kumezoeleka mno. Vifuu, makumbi makavu au vibanzi vinaushika moto vizuri tu.

Marekani: kibandiko kwanza, amri baadaye

Hita ya zamani ni sanduku la chuma lenye mlango na bomba. Mwenye nyumba hulijaza magogo usiku, hufunga tundu la hewa ili moto udumu hadi asubuhi, na hapo ndipo linapotoa moshi mwingi kuliko wakati wote, kwa kuwa mti unaendelea kutoa gesi ilhali hewa na joto vimekatwa. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limekadiria kuwa hita kama hizo hutoa gramu 15 hadi 30 za chembe kwa saa.

Hita mpya ina matofali ya moto ndani ya chumba ili joto lisikimbie, bamba juu yake linalolazimisha gesi kuzunguka kabla ya kutoka, na matundu yanayoingiza hewa ya pili iliyokwisha kupashwa, juu ya mwali, ili gesi iliyosalia iwake. Aina nyingine ina kichocheo: kipande cha kauri chenye vitundu vingi kilichopakwa platini au paladi, ambacho huwezesha moshi kuungua kwenye nyuzi 260 hadi 300 badala ya 600. Kichocheo huchakaa baada ya miaka kadhaa, na plastiki au mbao za rangi hukiua mapema. Kamba inayozuia hewa kwenye mlango nayo hulika. Weka karatasi, funga mlango, ivute: ikitoka bila kugoma, kamba ibadilishwe, maana hewa inayopenya hapo inavuruga mpangilio wote.

Sheria ya nchi nzima kuhusu hita hizo ilianza 1988. Kufikia 1990 hita mpya isiyo na kichocheo haikuruhusiwa kuzidi gramu 7.5 kwa saa, na yenye kichocheo 4.1. Lakini mitambo ya nje inayochemsha maji ya kupasha nyumba haikuguswa, na biashara yake ikakua. Ndipo mwaka 2007 EPA ikaanzisha mpango wa hiari: mtengenezaji anayefikia kiwango kilichokubaliwa anapata kibandiko cha kumtambulisha sokoni. Mwaka 2009 ukafuata mpango kama huo kwa meko za ukutani. Asiyetaka kujiunga aliendelea kuuza mtambo wake wa zamani kama kawaida, na huo ndio udhaifu wa hiari. Hata hivyo haikupotea bure. Ilithibitisha kuwa kiwango kinafikika, iliwapa mafundi muda wa kubuni, na iliwaondolea wapinzani hoja kwamba haiwezekani. Mwaka 2015 mitambo ya maji ikaingizwa kwenye sheria, na kuanzia Mei 2020 hita za kuni zikashushwa hadi gramu 2 kwa saa, au 2.5 zikipimwa kwa kuni za kawaida badala ya mbao zilizokatwa kwa vipimo.

Sheria ya namna hiyo hushika kinachouzwa leo. Haigusi kilicho ndani ya nyumba, na hita ya chuma hudumu miongo. Ndiyo maana sehemu iliyoleta hewa safi haraka zaidi ni ya kubadilishana: leta la zamani, chukua jipya kwa ruzuku. Libby, mji mdogo bondeni katika jimbo la Montana, ulibadilisha zaidi ya hita 1,100 kati ya 2005 na 2007, na PM2.5 ya majira ya baridi ikapungua kwa zaidi ya robo. Launceston, huko Tasmania, Australia, ulitoa ruzuku kuanzia 2001, na wastani wa chembe za PM10, zile za hadi mikromita 10, wakati wa baridi ukashuka kutoka mikrogramu 44 za miaka ya 1994 hadi 2000 kufikia 27 katika miaka ya 2001 hadi 2007. Watafiti walipolinganisha vifo vya vipindi hivyo viwili, vya wanaume vilikuwa vimepungua kwa takriban asilimia 11. Katika kazi ya aina hii sharti lisilolegezwa ni kuharibu hita ya zamani, kwa kuitoboa au kuipeleka chuma chakavu, kabla fedha hazijalipwa. Isipoharibiwa, huuzwa mtaa wa pili.

Pale karatasi inapoachana na nyumba

Mwaka 2023 ofisi ya mkaguzi mkuu wa EPA ilitoa ripoti ikisema mpango wa hita za kuni hautoi uhakika wa kuridhisha kwamba hita zimepimwa na kuidhinishwa ipasavyo kabla ya kufika kwa mnunuzi. Maabara hupima moto uliowashwa na fundi, kwa mbao kavu zenye vipimo sawa. Nyumbani kuna kuni mbichi, mtoto anayefungua mlango mara kwa mara, na mzee anayefunga tundu la hewa ili moto usilale.

Kwetu Afrika ushahidi mzito zaidi umetoka Malawi. Utafiti uliochapishwa 2016, uliohusisha watoto zaidi ya 10,000 wa chini ya miaka mitano, uligawia nusu ya familia majiko ya kuni yenye feni, yaliyokuwa bora maabara. Nimonia haikupungua. Majiko yaliharibika, watu waliendelea kutumia mafiga kwa baadhi ya mapishi, na uchomaji wa taka na vyanzo vingine vya moshi vilibaki palepale. Matokeo hayo hayasemi kwamba majiko hayana maana. Yanasema kuwa kuhesabu majiko yaliyogawiwa si kuhesabu moshi uliopungua, na mtu yeyote anayesimamia mradi wa majiko banifu, yale yanayotumia kuni au mkaa kidogo, Muheza au Korogwe anapaswa kuyasoma kabla ya kuandika ripoti yake.

Nchi nyingine ziliamua kushika kuni zenyewe. England, tangu Mei 2021, imekataza kuuza kuni za kiasi kidogo, chini ya mita 2 za ujazo, zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20. Anayenunua nyingi huuziwa mbichi pamoja na maelekezo ya kuzikausha. New Zealand, tangu Septemba 2005, hairuhusu kufunga hita ya kuni kwenye kiwanja cha chini ya hekta 2 isipokuwa iwe inatoa si zaidi ya gramu 1.5 za chembe kwa kila kilo ya kuni na ufanisi wake ufike asilimia 65. Hizi ni kanuni ambazo mkaguzi anaweza kuzisimamia akiwa na kifaa mkononi, dukani au wakati wa ujenzi, bila kuingia chumbani kwa mtu.

Tanga ifanye nini

Tanzania ilishajaribu katazo lisilo na mbadala. Januari 2006 serikali ilizuia uchomaji na usafirishaji wa mkaa. Bei ilipaa mijini, na zuio likaondolewa baada ya muda mfupi. Mwelekeo wa sasa ni tofauti. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034, na Wakala wa Nishati Vijijini, REA, husambaza mitungi ya gesi na majiko banifu kwa bei ya ruzuku. Pamoja na hayo kuna agizo kwamba taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa.

Agizo la taasisi ndilo tunaloliona kuwa zuri kuliko yote kwa kuanzia. Shule ya bweni ina jiko moja, mpishi anayejulikana, bajeti na mkuu wa shule wa kuulizwa. Mkaguzi mmoja anaweza kuzunguka shule zote za wilaya kwa muhula mmoja. Kinachokwamisha ni fedha ya kuanzia: shule inaweza kumudu gesi ya mwezi lakini haina ya kununua majiko, mabomba na mitungi mikubwa kwa mara moja. Ruzuku ielekezwe hapo, na masufuria yanayoingia kwenye majiko mapya yawemo kwenye hesabu, kwani mara nyingi husahaulika na jiko likakaa stoo.

Nyumbani, nguvu za dola hazifai. Mama wa Duga, Tanga mjini, mwenye mtungi wa kilo 6 huchemshia chai na kukaangia mayai kwa gesi, kisha maharage huyarudisha kwenye mkaa kwa kuogopa mtungi kuisha. Hofu yake ina hesabu ndani yake, na hujibiwa kwa hesabu: maharage yaliyolowekwa usiku mzima yakipikwa kwenye sufuria la presha la umeme hutumia chini ya uniti moja. Wanaotangaza nishati safi wapike maharage na makande mbele ya watu, mita ikionekana. Chai haimshawishi mtu.

Kwa anayebaki na kuni, jiko lijengwe kwa vipimo. Mlango wa kuni uwe na upana wa sentimita 10 hadi 12, na ndani yake pawe na kibao cha chuma cha kulaza kuni juu ili hewa ipite chini. Njia ya moto ipande wima kwa mara mbili hadi tatu ya upana huo. Kuta zijengwe kwa udongo uliochanganywa na pumba za mpunga au vumbi la mbao, ambavyo vikiungua huacha matundu yanayozuia joto kupotea; udongo mtupu hunyonya joto na moto huanza ukitoa moshi mwingi. Nafasi kati ya sufuria na ukuta iwe sentimita 1 hadi 1.5. Ikiwa pana joto hukimbia, ikibana mno moshi hurudi mlangoni.

Dohani ipande angalau sentimita 90 juu ya pale inapotoboa paa, na izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho ndani ya mita 3. Bomba la bati moja likae sentimita 45 mbali na mbao. Kwenye paa la makuti lisipite kabisa. Lipitishwe ukutani, na jiko lihamie kibanda cha bati. Lami hujenga ukoko ndani ya bomba na ukoko huo hushika moto, kwa hiyo lisuguliwe kila baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi ukoko ukifikia unene wa milimita 3.

Lushoto pana hatari nyingine. Mkaa unaowaka vizuri hauna moshi, na watu huuingiza chumbani kuotea. Unatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, inayochukua nafasi ya oksijeni kwenye damu. Maumivu ya kichwa, kichefuchefu na usingizi mzito ndizo dalili zake, na aliyelala haamki. Jiko la mkaa lisilale ndani hata kama limefunikwa majivu. Kwa kulala, blanketi la pili, dari na kuziba nyufa za ukuta hufanya kazi kuliko moto, bila kuua.

Yanayofaa kuingia kwenye sheria ndogo ni machache na yanayopimika. Tanga Jiji inatunga zake chini ya Sura ya 288 ya sheria za nchi, inayohusu mamlaka za miji, na halmashauri za wilaya kama Lushoto, Muheza na Pangani chini ya Sura ya 287, inayohusu mamlaka za wilaya: rasimu, maoni ya wananchi, idhini ya waziri, kisha Gazeti la Serikali. Kibali cha kujenga nyumba ya kupangisha kidai jiko lenye dohani, au njia ya umeme na gesi, kwa kila mpangaji, kwa sababu mpangaji hana mamlaka ya kutoboa paa la mwenye nyumba. Kuchoma nguzo zenye dawa na mbao za rangi kwenye matanuri ya mikate kukatazwe mara moja, kwani mbadala upo tayari. Wauza kuni kwa jumla wapewe misimu miwili ya kukausha kwa hiari, halmashauri ikiwatangaza wanaofikia asilimia 20, na katika msimu wa tatu kiwango hicho kiwe sharti la leseni, kikipimwa sokoni kwa kipande kilichopasuliwa mbele ya muuzaji. Na kila mradi wa majiko unaoomba eneo wilayani upeleke orodha mbili: ya majiko yaliyoingia majumbani, na ya mafiga na majiko ya zamani yaliyotoka, ambayo afisa mazingira wa kata ataithibitisha kwa kupita nyumba kumi bila taarifa, miezi sita baadaye, saa ya kupika chakula cha jioni.